Bendera, Mwenge na Wimbo: Alama za Taifa na Deni Lake

Waswahili wana methali isemayo kwamba bendera hufuata upepo. Methali hii si ya kusifu. Husemwa juu ya mtu asiye na msimamo, ambaye asubuhi huwa upande huu na jioni akaonekana upande wa pili, kwa kuwa hana uzito wa kumweka mahali pamoja. Walakini lugha hiyo hiyo ndiyo itumiwayo kila siku kuwaamuru watoto wasimame wima, wanyamaze, na kuitazama bendera ikipanda mlingotini katika uwanja wa shule. Kitambaa kilichokuwa mfano wa kigeugeu kimefanywa mfano wa uthabiti. Mageuzi haya hayakuja yenyewe, wala hayakuletwa na sheria peke yake. Yana historia, na historia hiyo yafaa isomwe na kila ajuaye kuimba wimbo wa taifa lake bila ya kuuliza ulitoka wapi na unamdai nini.

Neno bendera lilipokewa kutoka kwa Wareno, na kwa watu wa mwambao wa Afrika Mashariki bendera ilikuwa kwa muda mrefu mali ya mwenye kutawala. Katika karne ya 19 bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja ilipepea juu ya miji ya pwani, na misafara ya biashara iliichukua mpaka bara. Mwezi wa Agosti 1888 mawakala wa Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, kwa mapatano yaliyofanywa na Sultani, walikwenda kushika utawala wa miji hiyo na ushuru wake, wakataka bendera ya kampuni yao ipandishwe. Huko Pangani tendo hilo liliamsha hasira iliyogeuka vita. Hapana aliyedanganyika kwamba ugomvi ule ulikuwa wa kitambaa. Watu walifahamu kuwa anayeweka bendera yake mahali anasema kwamba mahali hapo ni pake. Abushiri bin Salim akawa kiongozi wa upinzani, upinzani ukavunjwa kwa nguvu ya dola ya Kijerumani, naye akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889.

Mtu aliyezaliwa Pangani mwaka 1880, kama alijaliwa umri wa miaka 84, aliishi chini ya bendera nyingi kuliko watu wa mataifa mengi ya dunia. Utotoni aliiona bendera ya Sultani. Kisha bendera ya kampuni. Kisha, tangu mwaka 1891, bendera ya dola ya Ujerumani. Kisha, tangu vita vya mwaka 1916, bendera ya Waingereza. Mwaka 1961 bendera ya Tanganyika. Na mwaka 1964 bendera ya Muungano. Katika hizo sita, nne za mwanzo hakuna aliyemwuliza kama azipenda. Zilikuja na upepo wa mikataba na mizinga, zikaondoka na upepo wa mikataba na mizinga. Kwa mtu kama huyo methali ile haikuwa fumbo. Ilikuwa habari ya maisha yake.

Basi swali lenye haki ya kuulizwa ni hili: bendera ya tano na ya sita zilikuwa na nini hata zikastahili kutazamwa kwa jicho jingine? Jibu la haraka ni kwamba hizo zilikuwa zetu wenyewe, na zile zilikuwa za wageni. Jibu hilo ni kweli, lakini halitoshi. Kitu kinaweza kuwa chetu na bado kisiwe na thamani. Jibu kamili laonekana mtu anapozitazama alama zote tatu za taifa hilo kwa pamoja, yaani mwenge, bendera na wimbo, na kufuata safari ya kila moja tangu mwanzo wake.

Mwenge ulianza kuwa maneno kabla haujawa moto. Tarehe 22 Oktoba 1959 Julius Nyerere alisema katika Baraza la Kutunga Sheria, mjini Dar es Salaam. Mwezi uliotangulia chombo cha Warusi kilikuwa kimeufikia mwezi, na dunia nzima ilikuwa ikizungumza habari za roketi. Nyerere alikiri kwamba Tanganyika haikuwa na uwezo wa kurusha kitu chochote mwezini. Alisema kuwa watu wake wangependa badala ya hayo kuwasha taa ndogo na kuiweka juu ya kilele cha Kilimanjaro, iangaze hata nje ya mipaka, iwafikie waliokata tamaa, waliozungukwa na chuki, na waliozoea kudhalilishwa. Alisema kwa Kiingereza, na taa aliyoitaja ilikuwa mshumaa. Maneno hayo yalipoingia katika Kiswahili, mshumaa ukawa mwenge, na mabadiliko haya madogo yana hekima ndani yake. Mshumaa ni taa ya chumbani. Hukaa mahali pamoja na huzimwa na pumzi. Mwenge ni moto wa safari. Huchukuliwa mkononi na mtu anayekwenda usiku, humulikia anayeuchukua na anayefuata nyuma, na kadiri unavyotikiswa na upepo ndivyo unavyowaka zaidi.

Mambo mawili katika maneno ya siku ile yanataka kuangaliwa. La kwanza, yalisemwa na mtu ambaye nchi yake ilikuwa bado haijawa huru. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Uingereza, na nembo yake ilikuwa kichwa cha twiga katika bendera ya kikoloni. La pili, mwanga uliotajwa haukuwa kwa ajili ya wenye nyumba tu. Ulikuwa kwa ajili ya majirani. Mataifa mengi huchagua alama zinazokumbusha ushindi uliopita: vita iliyoshindwa, mfalme aliyetukuka, mnyama mkali asiyeogopa. Tanganyika ilichagua alama inayosema juu ya jambo ambalo lilikuwa halijatendwa. Kwa hiyo mwenge haukuwa kumbukumbu. Ulikuwa ahadi, na ahadi ni deni.

Mahali palipochaguliwa nako kulikuwa na maana. Mwaka 1889, katika siku za vita vya Abushiri, Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro, na Meyer akakiita kwa jina la Kaiser Wilhelm, mfalme wa Ujerumani. Wachagga waliokuwa wakiishi chini ya mlima huo kwa vizazi vingi, wakiutazama kila asubuhi na kunywa maji yake, hawakuulizwa. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda, ofisa wa jeshi la Tanganyika, alisimama juu ya kilele hicho akiwa na mwenge na bendera ya nchi mpya. Tangu siku hizo kilele chaitwa Uhuru. Jina la mtu mmoja aliyekuwa mbali liliondoka, na mahali pake likawekwa jina la kitu ambacho kila mtu anaweza kudai fungu lake.

Usiku huo huo, katika Uwanja wa Taifa mjini Dar es Salaam, taa zilizimwa, bendera ya Uingereza ikashushwa gizani, na taa zilipowaka tena bendera ya Tanganyika ilikuwa juu. Rangi zake zilitokana na bendera ya TANU, chama kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954: kijani juu, kijani chini na nyeusi katikati. Bendera ya taifa iliongeza mistari ya manjano kandokando ya ile nyeusi. Maelezo ya rangi hizo yalikuwa mepesi hata mtoto aliweza kuyashika. Kijani ni ardhi na mimea yake, manjano ni mali iliyo chini ya ardhi, na nyeusi ni watu. Hakuna nyota ya kiongozi wala taji la ukoo. Aliyetaka kujiona katika bendera ile alikuwa na mahali pa kujiona, maana aliwekwa katikati yake.

Nembo ya taifa nayo ilisema hivyo hivyo kwa picha. Ngao imechukuliwa na mwanamume na mwanamke waliosimama juu ya Kilimanjaro, kila mmoja ameshika pembe ya ndovu. Miguuni mwao pana karafuu na pamba. Ndani ya ngao umo mwenge, imo bendera, limo jembe na shoka pamoja na mkuki, na chini yake mawimbi ya maji. Chini kabisa yameandikwa maneno matatu ya Kiswahili: Uhuru na Umoja. Mtu aliyezoea nembo za Ulaya, zenye simba wenye mataji na maneno ya Kilatini yasiyosomwa na wananchi wenyewe, hawezi kukosa kuona tofauti. Jembe na shoka ni vyombo vinavyoegemezwa ukutani katika nyumba ya mkulima. Viliinuliwa vikawekwa mahali ambapo mataifa mengine huweka panga za wafalme, na vikaandikiwa kwa lugha ambayo mkulima huyo huitumia anapouza mazao yake sokoni.

Alama ya tatu, yaani wimbo, haikuzaliwa Tanganyika. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg na kiongozi wa kwaya, alitunga wimbo kwa lugha ya Kixhosa wa kumwomba Mungu aibariki Afrika. Sontonga alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana, bila ya kujua alichokiacha. Tarehe 8 Januari 1912 wimbo wake uliimbwa Bloemfontein katika mkutano ulioanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa African National Congress, na mwaka 1925 chama hicho kiliufanya wimbo wake rasmi. Baadaye ulivuka mipaka kusini mwa Afrika, ukaingia makanisani, mashuleni na katika mikutano ya vyama vya siasa. Mwaka 1961 Tanganyika iliuchukua sauti yake, ikautia maneno ya Kiswahili, ukawa wimbo wa taifa kwa jina la Mungu Ibariki Afrika. Zambia, ilipopata uhuru mwaka 1964, iliichukua sauti hiyo hiyo kwa maneno yake yenyewe.

Wapo watakaoona kasoro katika jambo hili, wakisema kwamba taifa lenye fahari lingetunga wimbo wake. Lakini mpangilio wa wimbo wenyewe unawajibu. Beti la kwanza linaiombea Afrika, na la pili ndilo linaloiombea nchi. Ni desturi ya nyimbo za mataifa kuanza na kumaliza kwa kujisifu. Huu unaanza kwa kumwombea jirani, na nchi yenyewe inangoja zamu yake. Tena waliokuwa wakiusikia wimbo huo Dar es Salaam mwaka 1961 walijua kwamba watu waliouzaa walikuwa bado wanatawaliwa kwa ubaguzi wa rangi. Kuuazima wimbo wa mtu aliye kifungoni na kuuimba katika sherehe ya uhuru wako ni kukubali kwamba sherehe haijakamilika. Hivyo mwenge na wimbo vilifungana pamoja. Mwenge uliahidi kumulika ng'ambo ya mipaka, na wimbo ulionyesha ni upande gani hasa uliokuwa na giza.

Historia ya kweli haiwezi kupita hapa bila ya kutaja fedheha. Tarehe 20 Januari 1964, miaka miwili na mwezi mmoja baada ya mwenge kuwekwa mlimani, askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Maasi yakaenea katika kambi nyingine. Serikali iliyokuwa imewaahidi wengine heshima ililazimika kuomba msaada wa askari wa Kiingereza, nao walishuka tarehe 25 Januari na kuyamaliza maasi kwa muda mfupi. Nyerere hakuficha kwamba lile lilikuwa jambo la aibu. Jeshi lile lile ambalo ofisa wake alipanda mlima na bendera likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa jeshi jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Funzo la siku zile ni chungu lakini lina faida. Alama hailindi mtu. Bendera ilikuwa juu ya mlingoti siku zote za maasi, na haikumzuia hata askari mmoja. Alama huonyesha njia. Kuifuata ni kazi ya miguu.

Mwaka huo huo upepo mkubwa ulivuma visiwani, na alama za Tanganyika zikaingia katika mtihani wa namna nyingine. Unguja na Pemba zilipata uhuru wa dola ya Sultani tarehe 10 Desemba 1963, zikapandisha bendera nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili za manjano. Bendera hiyo iliishi siku 33. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiondoa, na kabla mwezi huo haujaisha visiwa vikawa na bendera ya buluu, nyeusi na kijani, iliyotokana na rangi za Afro-Shirazi Party. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Udongo wa pande mbili ulichanganywa katika chombo kimoja mbele ya watu, na ishara hiyo, kwa wepesi wake, ilieleweka hata kwa asiyeweza kusoma mkataba.

Bendera ya Muungano iliyopatikana mwaka huo ni mfano wa busara katika kazi ya kuunganisha. TANU ilikuwa na kijani na nyeusi. Afro-Shirazi nayo ilikuwa na kijani na nyeusi. Kila upande ukaleta kilichobaki: bara likaleta manjano, visiwa vikaleta buluu ya bahari. Mistari iliyokuwa imelala ikainuliwa, ikapita kwa mshazari kutoka pembe ya chini penye mlingoti mpaka pembe ya juu ya upande wa pili. Kijani kikakaa upande wa mlingoti, buluu ikakaa upande unaopepea, na watu, yaani mstari mweusi, wakawa katikati wakizishika pande zote mbili. Mwezi wa Oktoba 1964 jina nalo likafanywa hivyo hivyo: Tanganyika na Zanzibar zikazaa Tanzania.

Hata hivyo alama nzuri haimalizi mazungumzo ya watu. Visiwani wapo waliosikitika kuona kwamba kitambaa chao wenyewe hakikuonekana tena, na wapo walioridhika kwamba rangi yao imo ndani ya kile kikubwa. Miaka arobaini ilipopita Zanzibar iliirudia bendera yake. Tangu mwaka 2005 inapepea bendera ya buluu, nyeusi na kijani, na katika pembe yake ya juu imetiwa bendera ndogo ya Muungano. Mtu anaweza kuisoma kwa njia mbili. Wengine wameiona kuwa dalili ya kutengana. Wengine wameona kwamba mwenye nyumba ndogo ndani ya nyumba kubwa ana haki ya kuweka alama mlangoni pake. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba mjadala wenyewe umefanywa kwa rangi. Watu waliozoea kuambiwa kwamba bendera ni kitu cha mwenye kutawala sasa wanabishana juu ya bendera kama wanavyobishana warithi juu ya shamba lao. Hawabishani hivyo watu wasioona kwamba kitu ni chao.

Sasa yafaa kurudi kwenye deni, kwani ndilo linalotenga alama na pambo. Hata kabla ya uhuru, mwezi wa Machi 1961, Nyerere alitangaza kwamba Tanganyika isingeweza kujiunga na Jumuiya ya Madola kama Afrika Kusini ya ubaguzi ingebaki ndani yake. Na mwezi huo Afrika Kusini ikajitoa. Mwezi mmoja baada ya mwenge kuwashwa, Januari 1962, Nelson Mandela aliingia Tanganyika kwa siri akitoka nchini mwake. Baadaye aliandika kwamba huko Mbeya, hotelini, alipoona watu weusi na weupe wakizungumza pamoja bila ya hofu, alijisikia kwa mara ya kwanza maishani mwake kuwa mtu huru. Hii ndiyo kazi iliyotajwa mwaka 1959. Mwanga ulimfikia mtu aliyekuwa ng'ambo ya mipaka, ukampa heshima, angalau kwa siku chache kabla hajarudi kwao na kutiwa gerezani.

Mwezi wa Juni 1962 FRELIMO ilianzishwa Dar es Salaam. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoundwa Addis Ababa, Kamati yake ya Ukombozi ilipewa makao Dar es Salaam, na ikakaa huko mpaka kazi yake ilipokwisha mwaka 1994. Kongwa, katika nchi kavu ya Wagogo, palikuwa na kambi za wapiganaji kutoka Msumbiji, Angola, Namibia, Zimbabwe na Afrika Kusini. Mazimbu, karibu na Morogoro, shamba lililokuwa la mkonge lilitolewa kwa ajili ya shule ya watoto wa wakimbizi wa Afrika Kusini, nayo ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Ukarimu huu haukuwa wa maneno, kwa maana uliwagharimu watu masikini.

Gharama yake ilikuwa ya fedha na ya damu. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya jambo la Rhodesia, ambako walowezi wachache walikuwa wamejitangazia uhuru wao wenyewe. Mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa utolewe na Uingereza ukazuiliwa. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Reli ya urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi ilijengwa kwa msaada wa Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, ili Zambia isishikwe koo na watawala wa kusini. Nchi iliyokuwa na uhaba wa shule, hospitali na barabara iligawa kidogo ilichokuwa nacho. Mtu anaweza kusema kwamba haikuwa busara. Hawezi kusema kwamba mwenge ulikuwa pambo.

Kisha wimbo ukarudi kwao. Tarehe 10 Mei 1994 Mandela alipoapishwa kuwa rais mjini Pretoria, wimbo wa Sontonga uliimbwa pamoja na wimbo wa zamani wa serikali ya Makaburu, na mwaka 1997 nyimbo hizo mbili zikaunganishwa kuwa wimbo mmoja wa taifa. Mwaka 1996 kaburi la Sontonga, lililokuwa limesahauliwa katika makaburi ya Braamfontein, lilifanywa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Tanganyika iliuazima wimbo ulipokuwa hauna nchi, ikautunza miaka 33 ikiuimba kila asubuhi, na wenyewe walipopata nchi waliukuta ukiwa hai. Mwazimaji mwema hurudisha kitu kikiwa kizima. Tena katika mambo ya nyimbo kuna bahati isiyokuwamo katika mambo ya mali: mwenye kurudisha habaki mikono mitupu. Watanzania bado wanauimba.

Je, leo mwenge ungali na kazi? Tangu mwaka 1964, ulipoanza kukimbizwa na vijana wa TANU, Mwenge wa Uhuru umezunguka nchi mwaka kwa mwaka, na baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992 ukawa shughuli ya serikali. Unapofika wilayani watu hukesha, ngoma huchezwa, na miradi huzinduliwa: kisima hapa, darasa pale, zahanati kwingine. Miaka hii mbio zake humalizika tarehe 14 Oktoba, siku ya kukumbuka kifo cha Nyerere mwaka 1999. Wapo wasemao kwamba mbio hizo hugharimu fedha ambazo zingechimba visima vingine, na kwamba mwenge wafaa kuwekwa katika nyumba ya makumbusho. Wapo wajibuo kwamba kijiji kisichotembelewa na kitu chochote cha taifa hujiona kuwa si sehemu ya taifa, na kwamba siku moja ya moto ule ina faida isiyopimwa kwa shilingi.

Kila upande una sehemu ya ukweli, lakini kipimo kilicho bora kuliko vyote viwili ni kile kilichowekwa mwaka 1959. Mwenge hauulizi umezunguka wilaya ngapi, wala umezindua miradi mingapi. Unauliza kama aliyekata tamaa amepata sababu ya kutumaini, na kama aliyedhalilishwa amepata heshima. Maswali hayo zamani yalielekezwa kusini, ng'ambo ya Ruvuma na Zambezi, na jibu lilipatikana. Siku hizi yanaelekea ndani. Yanamtazama mkulima anayenyang'anywa haki yake kwenye mizani ya zao lake, mama anayejifungua mbali na zahanati, msichana anayeachishwa shule, na mwananchi anayesimamishwa mbele ya dirisha la ofisi tangu asubuhi mpaka jioni kana kwamba muda wake hauna thamani. Mtu huyo akiangalia juu, bendera ipo ukutani nyuma ya karani. Mstari mweusi ulio katikati ni yeye. Kama amesahauliwa na karani, basi karani ameisahau bendera, hata akisimama wima namna gani wimbo unapopigwa.

Utamaduni wa taifa haujengwi na alama. Alama huufanya uonekane. Pangani ya mwaka 1888 iliikataa bendera kwa sababu ilijua kwamba haikuletewa ahadi yoyote, ila amri. Tanganyika ya mwaka 1961 iliipokea bendera kwa sababu ilikuja pamoja na neno lililotolewa mbele ya watu, na watu hao wenyewe wakatakiwa kulitimiza. Huko Mazimbu, baada ya wageni kurudi makwao, majengo waliyoyaacha yaliingia mikononi mwa Tanzania mwaka 1992, na leo vijana wa Kitanzania husoma katika chuo kinachobeba bado jina la Solomon Mahlangu. Karibu nao yapo makaburi ya watu wa Afrika Kusini waliokufa kabla ya kuiona nchi yao ikiwa huru. Hao walilala katika ardhi ya kijani iliyomo katika bendera ambayo haikuwa yao, na walizikwa na watu walioujua wimbo wao. Kizazi cha sasa kimerithi bendera, kimerithi mwenge na kimerithi wimbo. Pamoja navyo kimerithi ahadi, na sehemu ya ahadi hiyo iliyobaki ina majina ya watu walio hai.